Chumvi ya Alhamisi

Sehemu ya Nane

Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia mkahawani, mwingine bado uko nje kwenye kizingiti. Hapo ndipo tulipomwacha Mpima: mpima ardhi mstaafu, umri miaka sitini na minane, kofia mkononi, njaa tumboni. Mbele yake, meza ya tatu kutoka dirishani, alikuwa amekaa mke wake wa ndoa ya miaka thelathini na minne.

Mkewe hakuwa peke yake. Alikuwa na mwanaume wa miaka arobaini hivi, amevaa tai.

Yule mwanaume akasema neno. Mkewe akacheka.

Wasomaji kadhaa mmeniandikia wiki hii mkitaka Mpima amrukie papo hapo. Mmoja amependekeza chupa, na amefafanua aina ya chupa. Nawaelewa. Lakini msisahau jambo moja: Mpima naye hakutakiwa kuwa pale.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, mambo ni haya. Wiki nane zilizopita mume na mke walikwenda kupima afya. Majibu aliyafuata mke peke yake, kwa sababu Mpima na foleni za hospitali hawapatani. Mke, ambaye ni mkunga mstaafu na anajua kusoma karatasi za madaktari, alirudi na bahasha, akaiweka juu ya kabati, akasema, "Ni presha yako. Chumvi basi. Sosi basi. Vya kukaanga basi."

Jioni ile ile kopo la chumvi likahamia kwa jirani.

Tangu hapo nyumba ile ilikula kitu kimoja, cha rangi moja, kisichofanana na kitu chochote. Samaki wa kuchemsha. Mboga za kuchemsha. Yai la kuchemsha limekaa peke yake kwenye sahani kama limefukuzwa kazi. Mkunga alikula naye sahani kwa sahani, bila kunung'unika, na hilo lilimuuma Mpima kuliko chakula chenyewe. Alijikaza siku sita. Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Akavaa raba, akasema anakwenda kutembea kwa ajili ya presha.

Na kweli alitembea, mpaka ule mtaa wa nyuma wenye mikahawa ya Kiasia iliyopangana kama meno. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mpima ilikuwa mita mia nne na kumi. Aliipima kwa hatua.

Alhamisi ya kwanza alikula kwa Wavietinamu: tambi za mchele ndani ya mchuzi wa mifupa uliochemka tangu alfajiri. Machozi yalimtoka, akamwambia mhudumu ni pilipili. Ya pili alikula kwa Wakorea, kabichi iliyochachushwa, akarudi nyumbani kwa njia ndefu ili upepo umtoe harufu. Ya tatu kwa Wajapani, kwenye kaunta, mbele ya mpishi asiyesema, walielewana sana. Na kadhalika, Alhamisi saba, mikahawa saba. Sitii chumvi katika kueleza haya. Yeye ndiye aliyekuwa akitia.

Leo ilikuwa zamu ya mkahawa wa nane, wa Wachina, saa saba mchana.

"Mzee, mko wangapi?" aliuliza mhudumu, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mmoja."

"Unaingia au unatoka?"

"Bado sijajua."

Mama yule alikuwa ameona wateja wa kila aina. Alimshika kiwiko, akamvusha kizingiti, akamketisha kwenye meza ya mtu mmoja nyuma ya tangi la samaki. Akamwekea menyu kubwa ya jalada gumu. Mpima akaisimamisha mbele ya uso wake kama ukuta.

"Utakula nini?"

"Chochote kisicho na sauti."

"Tambi laini za mchuzi," alisema mama, akaandika, akaenda.

Mpima akachungulia. Upande wa pili wa tangi aliuona uso wa mkewe, umevimba kidogo kwa sababu ya maji. Samaki wa rangi ya chungwa akapita kwenye paji la uso, akageuka, akapita kwenye kidevu. Mkunga hakuwa akicheka tena. Alikuwa akizungusha glasi ya maji mezani.

"Mume wangu asijue," alisema.

Maneno hayo yalifika nyuma ya tangi bila kupungua hata silabi moja.

"Mpaka lini, Mama?" aliuliza mwenye tai.

"Mpaka ishindikane."

Mpima aliibana menyu kwa vidole vyote kumi. Miaka thelathini na minne. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alimchekesha hivyo mkewe, akakumbuka mwaka, lakini si mwezi. Kisha akajiuliza kwa nini mtu na mpenzi wake waitane Mama. Akajijibu kwamba siku hizi dunia imeharibika.

Mwenye tai akageuza shingo kutafuta chupa ya sosi. Mpima akamtambua.

Alikuwa Daktari. Yule yule aliyewapima wiki nane zilizopita. Bila koti jeupe alikuwa amepotea, maana daktari bila koti ni mtu tu mwenye njaa.

Na njaa alikuwa nayo. Mbele yake palikuwa na mlima wa tambi za kukaanga, zinang'aa mafuta, nyeusi kwa sosi ya soya. Akaipata chupa. Akaongeza.

Wivu wa Mpima ukamtoka ghafla, hasira ya aina nyingine ikakaa mahali pake. Mtu aliyempiga marufuku chumvi alikuwa anaogelea ndani yake mchana kweupe. Mpima aliweka mikono yote miwili mezani ili ainuke.

Ndipo alipoiona sahani ya mkewe.

Kabichi ya mvuke. Wali mkavu. Maji. Kile kibakuli kidogo cha sosi ambacho hapa kila mteja huwekewa, Mkunga alikuwa amekisukuma mpaka ukingoni mwa meza, karibu kianguke. Mtu ametoroka nyumbani kwenye chakula kisicho na chumvi, amefika mkahawani, ameagiza chakula kisicho na chumvi.

Mpima alikaa tena. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kutazama vipimo viwili vinavyokataana na kujua kimojawapo ni cha uongo.

"Nikuulize kitu," Daktari alikuwa akisema. "Nyumbani mzee haulizi kwa nini unakula hivi?"

"Anadhani ni kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake kivipi?"

"Nilimwambia ana presha."

Daktari aliviweka chini vijiti vyake. Tambi moja ilibaki inaning'inia mdomoni. Akaimalizia kwanza, kwa heshima.

"Mama. Presha ya mzee ni ya kijana wa miaka ishirini."

"Najua. Nilisoma majibu."

"Sasa umemdanganya wiki nane kwa kosa gani?"

Mkunga alimkazia macho. Daktari huyu ni yeye Mkunga aliyempokea kwa mikono yake alipozaliwa, miaka thelathini na minane iliyopita, akiwa kilo mbili na nusu na kelele nyingi, na hakuzoea kuhojiwa na watu aliowakata kitovu.

"Wewe humjui," alisema. "Nilipong'olewa jino, alikaa siku mbili hali. Ningemwambia mgonjwa ni mimi, tungekuwa wagonjwa wawili. Mwanaume akikasirikia chakula kibaya, analala. Akiwa na hofu, halali. Nikaona bora akasirike."

"Na kukutana hapa?"

"Karani wako wa mapokezi ni jirani yetu. Akipata habari saa nne, saa sita mtaa mzima unayo."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Karani wake alimjua.

"Basi nikuambie yaliyonileta," alisema, na sauti ikashuka. "Vipimo vya juzi si vizuri. Figo zako zote mbili zimechoka. Chakula hiki kinatusaidia kusogeza siku, hakiponyi. Mwaka hautaisha kabla hujahitaji mashine, au figo ya mtu."

Samaki wa chungwa alikuja akasimama mbele kabisa ya macho ya Mpima. Mpima hakumwona.

"Watoto je?"

"Wana watoto wadogo. Sitaki."

"Ndugu?"

"Ninaye mmoja. Mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Nilimwomba. Alinyamaza, kisha akakata simu." Mkunga aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. "Huu mwezi wa pili hatusemeshani."

"Na mzee mwenyewe?"

"Huyo usimtaje."

"Mama, kwa kweli kuhusu mzee kuna jambo nilitaka..."

"Nimesema usimtaje."

"Mzee," sauti ya tatu ikasema, kubwa, ya kazi, "tambi zako hizi hapa. Laini. Hazina sauti."

Mhudumu aliliweka bakuli mezani, na kwa kuwa menyu ilikuwa inamziba, akaichukua.

Mkunga aligeuka. Kupitia tangi lenye maji na samaki kumi na mmoja, mume na mke wakatazamana.

"Unafanya nini hapa?" aliuliza mke.

"Natembea," alisema Mpima.

Mvuke wa mchuzi ukampanda usoni.

"Unatembea umekaa?"

"Nimepumzika kidogo."

"Umeanza lini kupumzika?"

Mpima alitafakari. Kwa hali ilivyokuwa, uongo wa kuongeza usingemsaidia mtu.

"Alhamisi saba. Na hii."

Mkunga alimtazama, akalitazama bakuli, akazitazama raba miguuni mwake. Wenye ndoa changa mnaosoma hapa mnangoja vita. Havikuwepo. Mkunga alivuta kiti cha tatu kwa mguu.

"Njoo ukae. Lete na bakuli, linapoa."

Mpima alikuja na bakuli lake. Alikaa. Daktari alimwamkia, na Mpima akaitikia.

"Umesikia kiasi gani?" aliuliza Mkunga.

"Chote."

"Basi usianze."

"Sianzi. Nina neno moja tu." Mpima alimgeukia Daktari. "Chukueni yangu."

"Nilijua," alisema Mkunga. "Nilijua atasema hivi, na ndiyo sababu nilisema asijue."

Lakini Daktari hakumtazama Mkunga. Alikuwa akimtazama Mpima kwa namna ambayo madaktari huwatazama watu walioandika umri wa uongo kwenye fomu.

"Ipi, mzee?" aliuliza.

"Iliyopo."

Mkunga aliacha kuzungusha glasi.

"Kwa hiyo unajua," alisema Daktari.

"Anajua nini?" aliuliza Mkunga.

"Picha ya tumbo ya mzee haikuwemo kwenye bahasha yako, Mama. Ninayo mimi. Ndilo jambo nililotaka kukuambia. Mzee ana figo moja. Nilidhani amezaliwa hivyo, wapo watu wa namna hiyo."

"Sikuzaliwa hivyo," alisema Mpima.

Mhudumu alikuja kuuliza kama kuna kinachopungua, akaona nyuso, akarudi.

Mkunga alipoanza kusema, hakumtazama mumewe. Alisema na kabichi.

"Lile kovu ubavuni. Mwaka ule uliporudi kutoka kupima lile shamba kubwa, miezi mitatu. Uliniambia umeangukia kigingi."

"Kigingi kilikuwepo."

"Na?"

"Hakikunigusa."

"Mimi nimeshona watu miaka thelathini na tano," alisema Mkunga. "Siku ya kwanza tu nilipoliona nilijua kigingi hakishoni vizuri namna ile. Nikadhani ni kisu."

"Kisu cha nani?"

"Mume wa mtu."

Mpima alimtazama mkewe kwa mshangao wa kweli. "Miaka ishirini na saba umekaa na mimi ukidhani nilichomwa kisu na mume wa mtu?"

"Ulikuwa unarudi nyumbani kila jioni. Nikaona kesi imekwisha."

Daktari aliinua vijiti vyake, akaona havifai kwa wakati huo, akavirudisha.

"Ulimpa nani?" aliuliza Mkunga.

"Niliapa nisiseme."

"Ulimwapia nani?"

"Huyo huyo niliyempa."

"Mume wangu. Figo zangu zimechoka na mimi pia nimechoka. Nani?"

Mpima alilitazama bakuli lake ambalo hakuwa ameligusa. Kiapo alikibeba miaka ishirini na saba, misiba minne, harusi tatu na sikukuu zisizohesabika. Kilikuwa kizito kuliko mnyororo wa kupimia.

"Mdogo wako," alisema.

Ndugu wasomaji, huyu shemeji wengi wenu hamjakutana naye, kwa sababu yeye na Mpima hawakai chumba kimoja zaidi ya inavyobidi. Ni mwanamke wa miaka sitini, mkuu wa shule mstaafu, mgongo umenyooka kama rula. Siku ya harusi yao alisimama mbele ya wageni, akasema mtu anayepima viwanja vya wenzake atakufa hana chake. Tangu siku hiyo humsalimia Mpima kama anayemwomba kitambulisho.

"Huyo?" alisema Mkunga.

"Huyo."

"Anayekuita Bwana Kamba?"

"Ndiye."

Hadithi yenyewe aliieleza kwa ufupi, akitazama mikono yake. Mwaka ule Mkunga alikuwa amelazwa na kitinda mimba wao, miezi sita, mimba inataka kutoka, na madaktari wameonya asisikie habari yoyote ya kumshtua. Shemeji alifika nyumbani kumtafuta dada yake, akamkuta Mpima amesimama na kikapu cha nguo za hospitali. Uso wa shemeji ulikuwa umevimba, miguu imevimba. Hakuja kumwambia yeye. Lakini alikuwa hawezi kusimama, na mlangoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Nikamkalisha," alisema Mpima. "Akasema kila kitu. Kisha akasema kwamba nikimwambia mtu hatanisamehe. Nikamwambia hajanisamehe mengine, hili litakaa na wenzake."

"Ukaenda kupimwa."

"Nilikwenda tu kumsindikiza. Walikuwa wanapima watu, nikakaa kwenye kiti. Nikafaa."

"Na mimi mkaniambia wewe uko shambani na yeye yuko kozi."

"Ulitakiwa usishtuke."

"Alirudi na cheti," alisema Mkunga polepole. "Nakumbuka. Alinionyesha cheti cha kozi."

"Nilimwandikia mimi. Mwandiko wangu wa ramani."

Daktari alikohoa. Mkunga alimtazama mumewe kwa muda mrefu, jinsi unavyotazama chumba cha nyumba yako mwenyewe ulichokuta kina mlango usioujua.

"Kwa hiyo mwezi ule nilipompigia," alisema, "nikamwomba figo..."

"Angekupa nini? Zake zilikufa zamani. Aliyonayo ni yangu."

"Akakata simu."

"Angesema nini?"

Mkunga alifuta kitu jichoni kwa kidole kimoja, upesi, kama anatoa kibanzi.

"Lakini kwa nini aendelee kukutukana? Juzi tu, kwenye msiba, alisema mbele za watu kwamba hata kaburi ungelichimba likaenda upande."

"Ilibidi. Angeacha ghafla mngeuliza kuna nini."

Hapo Daktari, ambaye kwa dakika kumi alikuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe, alikumbuka kazi yake. Alilivuta bakuli la Mpima, akanusa.

"Mzee, hizo Alhamisi saba ulikula nini hasa?"

Mpima alimweleza, mkahawa kwa mkahawa, kwa utaratibu, bila kuficha mchuzi wa nyongeza aliouomba kwa Wajapani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu mwenye figo moja, umri wako," alisema, "anailinda kama yai. Chumvi basi. Sosi basi. Vya kukaanga basi."

Mume na mke wakageukiana.

"Si nilikuambia," alisema Mkunga.

"Ulikuwa unadanganya."

"Lakini nilikuambia."

Daktari alilisogeza bakuli mpaka mwisho wa meza, likaenda kukaa karibu na kile kibakuli cha sosi. Kisha akarudi kwenye tambi zake. Akaona macho manne yanamtazama. Akazisogeza na zake.

Mkunga alinyoosha mkono. Hakuwa mtu wa kushikana hadharani. Wanawe watatu hawajawahi kumwona amemshika baba yao zaidi ya bega. Alimwekea mumewe mkono ubavuni, juu ya shati, mahali penyewe kabisa bila kupapasa, akauacha pale. Mpima alikaa wima, asipumue sana, asije akauondoa.

"Ungenipa hiyo moja iliyobaki," alisema Mkunga. "Ungebaki na nini?"

"Na wewe."

"Mjinga wewe," alisema Mkunga. Lakini mkono haukutoka.

Kisha mkono ukatoka, kwa sababu ulikuwa na kazi. Mkunga alichukua simu, akatafuta jina ambalo hakuwa amelitafuta kwa miezi miwili, akapiga. Akaweka sauti ya juu, akailaza simu katikati ya meza, kati ya sahani. Masikio yake siku hizi hayapatani na simu.

Ililia mara moja tu.

"Dada," ilisema sauti ya shemeji. "Usikate."

"Wewe ndiye unayekata," alisema Mkunga. "Sikatai wala sikati. Nimeijua kozi yako."

Daktari aliinama kuangalia kama simu bado iko hewani.

"Amekuambia," alisema shemeji.

"Kwa shida."

"Amevumilia. Mimi nisingeweza." Kisha akauliza, "Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie..." Shemeji alitafuta neno. Miaka thelathini na minne hakulihitaji, hakujua aliliweka wapi. "Mwambie nimemsalimia."

"Nimesikia, shemeji," alisema Mpima.

"Basi. Sasa nisikilizeni, maana sikukaa bure miezi hii miwili. Nilikata simu kwa sababu sikuwa na cha kukupa, dada, na nikasema sitaipiga tena mpaka niwe nacho. Sasa ninacho. Nimekupatia mtu."

Mkunga aliushika ukingo wa meza.

"Mtu gani?"

"Mzima. Hanywi, havuti. Nimempeleka mwenyewe kupimwa. Damu inaendana, vipimo viwili amepita, kimebaki cha mwisho. Ila ukimjua utakataa."

"Ni nani?"

"Dada, kwanza vuta pumzi."

"Mimi nimewaambia wanawake elfu mbili wavute pumzi. Usiniambie mimi. Ni nani?"

"Yule aliyehama na kitanda."

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hata Daktari alisimamisha glasi njiani.

Kabla ya Mpima kulikuwa na mwingine. Mkunga alikuwa na miaka ishirini na minne, ndoa ya miezi kumi na moja. Asubuhi moja alitoka zamu wodi ya wazazi, akafungua mlango, akakuta mume hayupo, kitanda hakipo. Godoro lilikuwa sakafuni, limetandikwa vizuri. Hapakuwa na barua. Miaka arobaini hajapata kusikia sababu, na jina la mtu yule halijatajwa ndani ya nyumba ya Mpima hata kwa bahati mbaya. Mpima hajawahi kumwona. Anachojua ni kwamba kitanda cha kwanza walicholalia ilibidi akinunue yeye.

"Yuko hapa kwangu," shemeji aliendelea. "Amekaa sebuleni, anatazama ukuta. Alisikia habari zako kwa watu, akanitafuta. Hataki malipo wala shukrani. Ana sharti moja tu."

"Sharti gani?" aliuliza Daktari, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Anataka aombwe. Na si na wewe, dada. Anataka aombwe na mumeo. Ana kwa ana, kwa mdomo wake mwenyewe."

Rangi ilikuwa imemtoka Mkunga, kisha ikarudi yote kwa pamoja.

"Mwambie aondoke kwako," alisema. "Mwambie afe nazo zote mbili." Akanyoosha kidole kuikata simu.

Kidole hakikufika. Mpima alikuwa ameshaivuta simu upande wake, taratibu, akaishika kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema.

"Nakusikia."

"Muulize anapenda kula wapi."